Nira na Jembe: Nidhamu ya Mwili na Utumishi wa Jamii

Utamaduni wa taifa hujengwa kwa kazi mbili zinazokwenda pamoja. Kazi ya kwanza ni kuyachimbua yaliyo yetu, kuyapembua na kuyatumia. Kazi ya pili ni kuyapokea ya wageni, kuyapima, na yale yanayofaa kuyapa nafasi katika maisha yetu. Mwalimu Julius Nyerere alizitaja kazi zote mbili alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza rumba na chachacha, ilhali wengi wao hawakuzijua ngoma za makabila yao. Lakini katika hotuba hiyohiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka tamaduni za wengine ni taifa lililokosa akili.

Wahenga nao walikwisha kutuachia kanuni ya kumpokea mgeni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliitumia methali hii mwaka huohuo wa 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Aghalabu husomwa kama onyo kwa mvivu. Yafaa isomwe pia kama heshima, kwa kuwa anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni. Amekuwa mtu wa nyumba ile, mwenye wajibu na mwenye haki.

Katika insha hii tutamchukua mgeni mmoja ajulikanaye siku hizi kila upande wa dunia, yaani yoga, tumpeleke katika mashamba ya Usukumani, kando ya Ziwa Viktoria, tumpe jembe. Shabaha yetu si kusifu mazoezi ya kigeni, wala kutangaza kwamba sisi tulikuwa nayo yote tangu zamani. Shabaha ni kulijibu swali moja la maadili: nidhamu ambayo mtu huipa nafsi yake na mwili wake inageukaje kuwa utumishi kwa wenzake? Na swali hilo lina la pili ndani yake, lililo zito zaidi: hao wenzake ni akina nani?

Yoga ni nini? Wengi wetu tunaijua kwa picha tu: mtu ameketi juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba, pumzi anaivuta polepole. Picha hiyo si ya uongo, ila ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Neno yoga ni la Kisanskriti, nalo latokana na mzizi wenye maana ya kuunganisha na kufunga nira. Mkulima wa Kwimba au Magu aliyewahi kulima kwa plau ya ng'ombe hahitaji kuelezwa zaidi. Ng'ombe asiyefungwa ana nguvu, lakini nguvu zake haziandai shamba. Wafungwe wawili kwa nira moja, waifuate mistari, ndipo nguvu zile zigeuke kuwa chakula. Waliolichagua neno hili huko Bara Hindi zamani walitaka kusema kwamba mwili, pumzi na mawazo ya mtu ni kama mifugo iliyotawanyika, na kwamba kazi ya kwanza ya mtu ni kuwafunga hao kwa nira moja.

Katika Yoga Sutra, maandiko yanayohusishwa na mwalimu Patanjali, njia hii imegawanywa katika viungo vinane. Msomaji atashangaa kuona kwamba mikao ya mwili, ambayo ndiyo tunayoionyeshwa kila siku, ni kiungo cha tatu, na utaratibu wa pumzi ni cha nne. Kiungo cha kwanza kabisa hakihusu mgongo wala magoti, chahusu jirani. Ni mambo matano ambayo mwanafunzi hana budi kuyashika kabla hajaketi juu ya mkeka: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kuzuia tamaa za mwili, na kutojilimbikizia vitu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandiko hayo, mtu awezaye kujikunja kama kamba lakini anampunja mwenzake hajaanza yoga.

Kitabu kingine mashuhuri cha Wahindu, Bhagavad Gita, kinaongeza fundisho la pili. Humo Krishna anamfundisha Arjuna, shujaa aliyeingiwa na mashaka mbele ya vita, kwamba mtu atende wajibu wake bila kuyang'ang'ania matunda ya kazi yake. Njia hiyo ya kazi huitwa karma yoga. Swami Vivekananda, aliyeanzisha Ramakrishna Mission mwaka 1897, aliifasiri kuwa ni kumtumikia Mungu kwa kuwatumikia maskini na wagonjwa. Mohandas Gandhi, ambaye tafsiri yake ya Gita kwa Kigujarati ilitoka mwaka 1930, aliishusha chini zaidi, hadi kwenye gurudumu la kusokotea uzi na ufagio wa chooni. Hapo yoga imekwisha kutoka mkekani na kuingia katika kazi za mikono.

Mgeni huyu hakufika Mwanza juzi. Tangu enzi ya Wajerumani, wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachi walijenga maduka yao kando ya ziwa. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ukawa mlango wa pamba yote ya Usukuma, na kwa miaka mingi viwanda vya kuchambulia pamba hiyo vilikuwa mikononi mwa kampuni za Wahindi. Wengi wa wahamiaji hao walikuwa Waislamu wa madhehebu mbalimbali; wengine walikuwa Wahindu, na hao walikuja na mahekalu yao, sikukuu zao, na bila shaka mafundisho tuliyoyataja.

Lakini mgeni huyo na mwenyeji wake walikutana hasa mahali pamoja, penye mizani. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, wakulima walilalamika kwamba baadhi ya wanunuzi walipunguza uzito wa pamba. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe pembeni mwa mizani. Kutokana na harakati hizo vilizaliwa vyama vya ushirika, navyo mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hatusemi hivi ili kulaumu kabila au dini ya mtu. Ulaghai hauna kabila, na vyama vya ushirika vyenyewe baadaye vilipata wezi wao, waliokuwa wenyeji kabisa. Tunasema hivi kwa sababu mizani ile yatufundisha jambo kubwa. Kanuni ya kutoiba ilikuwa imeandikwa katika kila dini iliyokuwapo pale dukani: ya Mhindu, ya Mwislamu na ya Mkristo. Hata hivyo haikumlinda mkulima mpaka alipoungana na wenzake wakasimama pamoja penye mizani. Mafundisho ya nafsi bila jumuiya ya kuyasimamia ni mbegu iliyobaki ghalani.

Sasa tumgeukie mwenyeji. Kabla mvua hazijakolea, wakati ardhi imeanza kulainika, Wasukuma wana desturi ya kulima kwa vikundi. Kikundi kinachojulikana zaidi ni kile cha bugobogobo. Wakulima hujipanga safu moja shambani. Ngoma hupigwa, mwimbaji hutoa wimbo, na majembe hupanda na kushuka kwa pamoja. Mwimbaji huyo, ambaye Wasukuma humwita ningi, ana kazi zaidi ya kuburudisha. Yeye ndiye mtunza pumzi wa safu nzima. Akiharakisha wimbo, migongo huinama upesi. Akiuvuta, watu hupumua. Aliye dhaifu hubebwa na mdundo, na mwenye nguvu nyingi huzuiwa na mdundo uleule asiwaache wenzake nyuma. Vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kazini na kuwaamua wagombanapo. Mwenye shamba naye huwalisha, au huwapa malipo yaliyokubaliwa, ambayo kikundi huweza kuyaweka kwa ajili ya karamu baada ya mavuno.

Mavuno yakiisha, majembe yaleyale hugeuka vyombo vya sanaa. Wachezaji huyazungusha, huyarusha hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Ndipo huja mashindano ya pande mbili kubwa za ngoma za Usukuma, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi yazipa asili katika waganga wawili washindani, Ngika na Gumha. Katika kituo cha Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kuhifadhi ngoma, viti vya watemi na vifaa vya nyumbani, na kutokana na juhudi hizo ikapatikana Makumbusho ya Wasukuma. Huko pia sikukuu ya Bulabo, ambayo huangukia aghalabu mwezi Juni, imewakutanisha wachezaji wa pande hizo mbele ya maelfu ya watazamaji.

Mwenye macho ataona mara moja kwamba mgeni na mwenyeji wanafanana. Wote wawili wameanzia katika mwili. Wote wawili wamegundua kwamba pumzi ndiyo kamba inayofunga mwili na nia: mmoja akaitawala kwa ukimya, mwingine kwa wimbo. Wavuvi wa Ukerewe na Ukara wanaopiga makasia usiku kuwaendea dagaa wanaijua siri hiyohiyo, maana mtumbwi ambao kila mpiga kasia anafuata pumzi yake mwenyewe hauendi mbali. Na wote wawili, mgeni na mwenyeji, wanasema kwamba nguvu isiyofungwa nira haina faida.

Wamefanana pia katika msiba uliowapata, maana wote wawili wamehamishwa shambani. Bugobogobo imechezwa mbele ya viongozi na wageni wa heshima, shuleni na majukwaani, mbali sana na Usukuma. Jambo hilo limeipa sifa kitaifa, lakini watoto wengi waijuao ngoma ile hawajapata kulima hata tuta moja kwa mdundo wake. Jembe lao ni la kuonyesha. Yoga nayo, baada ya kutoka Bara Hindi, imekuwa katika nchi tajiri biashara ya kupunguza unene na kuondoa uchovu wa ofisini. Mwezi Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Heshima hizo ni njema. Lakini siku hiyo inapoadhimishwa, yanayoonekana ni mikeka na mikao. Kile kiungo cha kwanza, cha jirani, hakina picha.

Hata hivyo hatuna haja ya kukata tamaa, kwani mfano wa kuirudisha yoga katika utumishi tunao katika Afrika Mashariki yetu. Mwaka 2007 ulianzishwa jijini Nairobi mradi uitwao Africa Yoga Project. Mradi huo huwachukua vijana, wengi wao kutoka mitaa ya watu wenye kipato kidogo, ukawafunza kuwa walimu wa yoga. Nao hurudi katika mitaa ile kuwafundisha majirani zao bila malipo. Kijana ambaye jana hakuwa na kazi, leo anaitwa mwalimu na watoto na akina mama wa mtaa wake. Maana ya mkeka imebadilika, kwa sababu kijana amejifunza kuusimamisha mwili wake ili awasimamishe wengine. Huyo ni mgeni aliyepewa jembe, naye akalipokea.

Sasa tumefika penye fundo la mjadala wetu. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba bugobogobo na karma yoga, ingawa zinafanana kwa sura, zinatofautiana kwa hesabu. Mfuasi wa Gita huambiwa asiyafuate matunda ya kazi. Mkulima wa Usukuma huyafuata waziwazi: leo kwako, kesho kwangu, ukinilisha nitakulimia, ukinilimia nitakulisha. Kiswahili kinazijua njia zote mbili, na kimezipa misemo. Njia ya kwanza huitwa tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Njia ya pili huitwa nipe nikupe. Je, ipi ni ya juu?

Wengi watakimbilia kusema kwamba ya kwanza ni ya juu, maana haina choyo. Tusifanye haraka. Nipe nikupe si jambo la kudharauliwa. Vijiji vimeishi kwalo, njaa zimevukwa kwalo, na ushirika wa pamba ulijengwa juu yake. Tena lina adabu ya pekee: humpa anayepokea nafasi ya kulipa, na kwa hiyo humwachia heshima yake. Mtu anayepewa siku zote bila kuruhusiwa kutoa hudhalilika, hata kama mtoaji ana moyo safi.

Lakini nipe nikupe ina ufa mmoja, na kupitia ufa huo yamepita maovu makubwa. Inamhesabu mwenye jembe tu. Aliye na mikono miwili, wana watatu na ng'ombe wa kulimia hukaribishwa katika kila safu, kwa kuwa kesho atalipa. Je, mjane mkongwe aliyebaki peke yake, mikono inamtetemeka, wanawe wamehamia Geita au Dar es Salaam, yeye atalipa nini? Kijiji hakimfukuzi. Kinamsahau tu. Safu inapita kando ya shamba lake msimu huu, na msimu ujao, mpaka nyasi zinaota mlangoni pake. Na mtu aliyekwisha kusahauliwa ni rahisi kumwogopa.

Hapa hatuna budi kusema wazi jambo ambalo wapenzi wa utamaduni hupenda kulikwepa. Kwa miaka mingi, hasa tangu miaka ya 1970, Usukuma umebeba aibu ya mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, na wengi walikuwa wajane. Alama iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu. Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu gani? Kwa sababu ya kupika miaka arobaini au hamsini katika jiko lisilo na bomba, kwa kuni mbichi na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, katika nchi ambayo miti yake imekwisha kukatwa. Yaani mwanamke huyo alihukumiwa kwa alama ya utumishi wake mwenyewe. Moshi aliouvumilia ili awalishe wengine ukageuzwa ushahidi dhidi yake. Kuanzia mwaka 2007 au karibu na hapo, kanda hii ya ziwa ikasikia pia vilio vya watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina wa kutafuta utajiri.

Maovu hayo hayakutendwa na watu wasiojua kushirikiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda sungusungu, wakajitokeza kwa nyimbo, kwa pinde na kwa mishale kupambana na wezi wa ng'ombe. Walipata ushindi mahali pengi ambapo polisi walishindwa, na nchi nzima ikawasifu. Lakini mahali pengine nyimbo zilezile, safu zilezile na utii uleule viligeuzwa dhidi ya wanawake waliotajwa kuwa wachawi. Umoja ni nguvu, ndiyo. Lakini methali hiyo haikusema nguvu hiyo itamfanyia nani nini. Safu inayojua kwenda pamoja yaweza kwenda pamoja kulima shamba la jirani, na yaweza kwenda pamoja kuichoma nyumba yake.

Kwa sababu hiyo mgeni wetu ana jambo la kutukumbusha. Kiungo cha kwanza, kutodhuru, kimewekwa kabla ya mikao na kabla ya pumzi kwa sababu nguvu yoyote ya nidhamu, iwe ya mtu mmoja au ya watu mia, yahitaji kwanza kufungwa mkono wake wa kudhuru. Na fundisho la kutoyang'ang'ania matunda ndilo linaloweza kuifikisha safu kwenye shamba la mtu asiyeweza kulipa. Kwa hiyo tunaweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Nidhamu ya mwili hugeuka utumishi pale inapomfikia jirani asiye na jembe la kurudisha. Na jumuiya hupimwa kwa jirani huyo, si kwa wale wanaolipana. Lakini hata hapo yafaa adabu ya nipe nikupe isiachwe. Mlimie bibi kizee bila hesabu, kisha umwombe mbegu zake za zamani, hadithi zake, jina la mti unaotibu kikohozi. Usingoje malipo, lakini usimnyime nafasi ya kutoa.

Kuna mtu atakayeuliza: kama utumishi ni mwema kiasi hiki, kwa nini usiamriwe? Historia ya kanda hii imekwisha kulijibu swali hilo. Kati ya mwaka 1947 na katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta yaliyofungwa ili kuhifadhi udongo, na wafugaji waliamriwa kupunguza mifugo. Baadhi ya mashauri hayo yalikuwa ya busara kwa ardhi, lakini yaliletwa kwa faini na amri, na watu wakayachukia mashauri pamoja na walioyaleta. Baada ya Uhuru nasi tuliona jambo linalokaribiana na hilo. Vijiji vya Ujamaa vilivyoanza kwa hiari baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viligeuka kuwa lazima ilipotolewa amri mwaka 1973 kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini hadi mwaka 1976. Shule, visima na zahanati vilipatikana kwa watu wengi. Lakini kwingi shamba la pamoja lilidhoofu, kwa sababu mtu aliyesukumwa kulilima alilihesabu kuwa ni la serikali. Nira ya ng'ombe huwekwa shingoni na mkulima. Nira ya mtu haina budi kuwekwa na mtu mwenyewe, la sivyo itamfundisha kuchukia kile ilichokusudia kumfanya akipende.

Yupo pia atakayehofu juu ya dini. Shule zetu zina Waislamu, Wakristo, na wanaofuata dini za jadi, na mzazi anayo haki ya kuuliza kama yoga ni ibada ya Kihindu iliyofichwa katika mazoezi ya viungo. Ni kweli kwamba yoga ilikulia katika dini za Bara Hindi, na si uungwana kuificha asili hiyo. Hatumwombi mwanafunzi yeyote abadili sala yake. Tunachokiazima ni swali la maadili na mpangilio wake: jirani kwanza, mwili baadaye. Swali hilo limo katika dini zetu zote, nasi twaweza kulijibu tukiwa tumesimama kila mmoja mlangoni pa imani yake. Anayependa mikao na aifanye. Asiyependa na aache. Safu ya jembe haimwulizi mtu anasali wapi.

Basi walimu na wanafunzi wafanye nini? Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliweka shamba katika kila shule, na katika shule nyingi shamba hilo likageuka kuwa mahali pa kuadhibia watoro. Tukitaka jembe lirudishiwe heshima, tusianze na adhabu. Tuanze na ngoma. Shule ya Magu, ya Misungwi au ya Sengerema inayo wazee wanaojua nyimbo za kulimia. Waalikwe, wafundishe wimbo pamoja na kazi yake, si wimbo peke yake. Kabla ya kulima, wanafunzi wasimame kimya kidogo, wanyooshe migongo, wapumue pamoja. Jambo hilo halina ubishi na linafaa kwa mwili. Kisha safu iende, kwa kura ya wanafunzi wenyewe, katika shamba la mtu mmoja wa kijiji ambaye hana wa kumlimia.

Na wakiisha kulima, wasiondoke kabla ya kuingia jikoni. Jiko banifu la udongo, lenye bomba la kutoa moshi nje, laweza kujengwa na wanafunzi kwa siku chache, kwa udongo, majani na maji. Mwalimu wa sayansi ataeleza jinsi hewa ipandavyo katika bomba. Mwalimu wa uraia ataeleza kwa nini macho ya bibi huyu yalikuwa mekundu, na jinsi ujinga wa jambo dogo kama moshi ulivyogharimu roho za watu. Somo hilo halitasahauliwa, kwa kuwa limesomwa kwa mikono. Na kijana aliyekula kiporo katika nyumba ile, aliyemsikia bibi akimtaja babu yake kwa jina, siku ya uchochezi ikija itakuwa vigumu kumwambia kwamba mwanamke yule ni adui wa kijiji.

Tumempokea mgeni, tumemkalisha, tumemsikiliza siku mbili. Ametuletea maneno mazuri juu ya pumzi na utulivu, na neno moja lenye uzito kuliko yote, yaani kutodhuru. Sisi nasi tunacho cha kumpa: safu, wimbo na jembe. Mvua za vuli zikianza kushuka juu ya ziwa, kila shule kandokando yake itakuwa na shamba la kulima. Waulize wanafunzi wako kabla hawajatoka darasani: ni nani katika kijiji hiki ambaye mwaka jana safu ilimpita? Jina watakalolitaja, ndiko kwa kuanzia.